Mtu Mzima Aliyekuwepo

Hebu niambie ukweli, wewe umewahi kucheka jambo ambalo halikuchekeshi hata chembe? Sisemi kile kicheko cha kumfurahisha mkubwa wa kazi, unachokitoa ukijua kabisa unadanganya. Nasema kile kinachotoka chenyewe kama kikohozi, hata masikio yako mwenyewe hayakisikii.

Fundi alikuwa nacho. Fundi ndivyo wateja walivyomwita, mama wa miaka sitini na mbili, msusi tangu ana miaka kumi na tisa. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: viti viwili vya kuzunguka, kimoja hakizunguki tena, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona ya chini, benchi la kusubiria lenye mto mmoja ambao wateja waligombania, birika la maji ya moto la kuchovyea ncha za nywele za dukani zisifumuke, na ndoo ya plastiki yenye vitana, kila kimoja na kazi yake. Kile cha mkia, cha kuchorea njia kichwani, hakuruhusu mtu akitumie hata kwa dakika.

Na kusuka kuna siri yake. Kichwa cha mtu hakitulii kama moyo wake haujatulia. Mteja akinuna, shingo inakakamaa. Shingo ikikakamaa, njia inakwenda upogo, na njia ikienda upogo mtaa mzima utaiona wiki tatu. Kwa hiyo Fundi aliwafundisha wanafunzi wake wote jambo moja kabla hawajashika kitana: mteja akicheka, cheka. Akilalamika, sema pole. Akimsema mumewe, guna. Wewe hapa huna chama, huna jirani, huna shemeji. Una kichwa cha mtu tu mikononi. "Kichwa kitulie," alikuwa akiwaambia, "mengine watayamaliza nje."

Miaka arobaini na tatu alifanya hivyo, akacheka vya kutosha.

Sasa, nyuma ya mtaa ule ilipita reli. Ng'ambo ya reli waliishi watu ambao babu zao waliletwa kuijenga; reli ikaisha, wao wakabaki. Wanasema lugha ileile ya huku, wanapanga foleni kwenye zahanati ileile, watoto wao wako shule ileile. Ila ngozi zao ni nyeusi zaidi, na sijui pua, na sijui nywele. Mtu akitaka kutafuta tofauti hakosi. Upande wa huku uliwaita Masizi. Ndiyo, masizi, yale ya chini ya sufuria. Mtoto wa huku alijua neno hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake.

Binti wa pekee wa Fundi aliolewa hukohuko, na mchomeleaji vyuma, mtu mpole mwenye mikono iliyojaa makovu ya cheche. Fundi hakukataa, hakukubali. Aliguna, kama anavyomgunia mteja. Binti alifariki mtoto wao akiwa na miaka minne, na kwa kuwa baba alishinda karakanani tangu alfajiri, mtoto akaja kulelewa na bibi. Huyo ndiye Sindano. Majirani walimpa jina hilo kwa wembamba wake. Likabaki kwa sababu ya ulimi. Sasa alikuwa na miaka kumi na sita, yuko sekondari, na ngozi yake ni ya baba yake, hakuna cha kubishana.

Kila alasiri akitoka shule alikaa kwenye kigoda kando ya kiti cha bibi yake, akachambua nywele za dukani, akazipunguza ncha, akampa bibi moja moja kadiri mkono ulivyozihitaji. Hawakuwa na haja ya kusemeshana. Mkono ukinyooka nyuma, Sindano anaweka.

Alhamisi moja Fundi alikuwa akitafuta kalamu, akafungua mkoba wa shule wa mjukuu wake. Kalamu aliipata. Akapata na daftari lenye jalada la bluu, limeandikwa kwa herufi kubwa: KLABU YA VIJANA. TUNAYOYASIKIA.

Fundi aliishia shule ya msingi, na akisoma huweka kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Alikaa kwenye kile kiti kisichozunguka, akaweka kidole. Kurasa zilikuwa zimepigwa mistari kwa rula, vyumba sita: siku, mahali, maneno yaliyosemwa, nani alisema, mtu mzima aliyekuwepo, alifanya nini.

*Jumanne. Sokoni. "Wewe Masizi usishike viatu kama hununui." Muuza viatu. Askari wa soko. Alitazama simu yake.*

*Jumatano. Darasani. Walinichorea sufuria ubaoni. Wavulana wa nyuma. Mwalimu wa hesabu. Alifuta, akasema tunyamaze sote.*

Fundi akatikisa kichwa. Watu hawana haya! Kidole kikashuka.

*Jumatano. Saluni. "Masizi wakizaliwa hawaogeshwi, wanakwanguliwa." Mama Kamati. Bibi. Alicheka.*

Kidole kikasimama pale. Akarudia mstari toka mwanzo, labda karuka neno. Hakuwa ameruka.

*Ijumaa. Saluni. "Umeme ukikatika ng'ambo, wanatafutana kwa meno." Mama Kamati. Bibi. Alicheka.*

*Ijumaa hiyohiyo. Saluni. "Huyu wako afadhali, Fundi, damu yenu imemsafisha kidogo." Mama Kamati. Bibi. Alicheka. Akaniambia nimpe kitana.*

Mistari ilikuwa kumi na minne. Tisa ilitoka chumba kile alichokuwa amekaa. Na katika tisa hiyo, chumba cha mwisho kilikuwa na neno lilelile, kwa mwandiko uleule mzuri ambao Fundi alikuwa akiusifia kwa majirani. Alicheka. Alicheka. Alicheka.

Alijaribu kukumbuka hata kicheko kimoja. Hakukumbuka. Hapo ndipo hasira ilipoanza kuchemka, na kama kawaida ya mtu aliyefumaniwa, akaimwaga kwa aliye karibu.

"Sindano!"

Mtoto akatokea mlangoni, ana ndoo ya maji mkononi. Akaliona daftari. Akaiweka ndoo chini polepole.

"Unaniandika?"

"Sikuandiki wewe, bibi. Naandika nilichosikia."

"Nimo humu mara tisa!"

"Najua."

"Mimi niliyekubeba mgongoni ulipougua surua, siku sita sijalala kitandani? Mimi ndiye umenipeleka kwenye klabu, kila mwenye pua anisome?"

"Sijampa mtu bado."

"Kile ni kicheko cha kazi, mtoto wewe! Umekaa hapa miaka yote hujui? Mteja anaropoka, wewe unacheka, kichwa kinatulia!"

"Kichwa cha nani, bibi?"

Sindano akangoja. Alingoja kweli, ametulia pale mlangoni, macho makavu. Kisha akaingia chumbani, akatoka na mto wake wa kulalia, sare ya shule imekunjwa, na mswaki. Akanyoosha mkono kuomba daftari. Fundi akampa.

"Unakwenda wapi sasa?"

"Kwa baba."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

Hakubamiza mlango. Afadhali angeubamiza.

* * *

Ijumaa asubuhi Fundi alijifunga kitambaa vizuri, akavaa viatu vya kutokea, akaenda shuleni kumtolea uvivu huyo mwalimu wa klabu. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Alimkuta kwenye ofisi ya walimu, binti mdogo tu, mwalimu wa hesabu, chaki mpaka kwenye nyusi.

"Wewe ndiye unayewafundisha watoto kuwaandika wakubwa zao kama polisi?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Karibu ukae." Mwalimu akavuta kiti, Fundi hakukitazama. "Mama, sikuwafundisha kumwandika mtu. Walikuwa wanakuja kwangu wanalia, wengine wanapigana. Kila mmoja anadhani ni yeye tu. Nikawaambia waandike, waone wenyewe linasemwa wapi na nani yupo. Tukishajua, tunafanya mazoezi ya kujibu: nani aseme, aseme nini, mwenzake asimame wapi. Kile chumba cha 'mtu mzima aliyekuwepo', mimi sikukiweka. Walikiongeza wao."

"Na wewe umo. Uliwaambia wanyamaze wote."

"Nimo," mwalimu akasema. "Nimesoma. Sikulala vizuri."

Sasa Fundi akakitazama kiti. Akakaa.

Ndipo mwalimu alipomweleza mengine. Kesho saa nane kuna mkutano wa wazazi. Mama Kamati analeta barua yenye sahihi za wazazi, wanataka watoto wa ng'ambo ya reli wahamishiwe shule ya machimboni, kilomita tisa kwa miguu. Klabu ilikuwa imepewa dakika kumi za kusema, na msomaji alikuwa Sindano.

"Alikuwa?"

"Amenijia asubuhi hii. Amesema hasomi. Akisoma yote, anakuaibisha wewe. Akiruka kurasa zako, anasema uongo. Kwa hiyo ananyamaza." Mwalimu akafuta chaki mikononi, haikutoka. "Na baba yake kaniambia hatangoja mwanawe afukuzwe kama kuku. Barua ikipokelewa, Jumatatu anampeleka kwa shangazi yake. Mji mwingine kabisa, mama. Atasoma huko, ataishi huko."

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu yake, lakini usimuulize alipita wapi. Alikuwa amekwenda na hasira ya kumwachia mtu, na mtu huyo hakuipokea. Alirudi nayo yote.

* * *

Jumamosi saa moja kasoro asubuhi, Mama Kamati alikuwa mlangoni. Jina lake si hilo, ila hakuna kamati mtaani ambayo yeye si mwenyekiti: ya maji, ya usafi, ya shule, ya misiba. Ni mtu wa vicheko, mtu wa kujaza chumba. Ukiugua ndiye wa kwanza kuja na uji. Hiyo nayo tuiseme, kwa sababu angekuwa mchawi wa kutisha, kazi ingekuwa rahisi.

"Fundi wangu! Leo nataka mistari midogo midogo, yote irudi juu, unifungie kichuguu. Leo nasimama mbele za watu."

Fundi akamfunga kitambaa shingoni. Mikono inajua kazi yake hata mwenyewe akiwa mbali. Akachora njia ya kwanza kwa mkia wa kitana, akaanza kulaza mistari upande wa kushoto. Nyuma yake, kila mara, mkono wake ulinyooka kuomba nywele, ukakuta hewa. Nesi wa zahanati alikuwa benchini anasubiri zamu, kaukamata ule mto.

"Mke mwenzio yuko wapi leo?" Mama Kamati akauliza. "Sindano?"

"Kwa baba yake."

"Aa, kaenda kupaka rangi upya!"

Nesi akacheka kidogo puani. Fundi akakaza vidole. Akavuta mstari.

"Taratibu, shoga, hicho ni kichwa si kamba ya ng'ombe! Sasa sikia." Mama Kamati akachomoa karatasi kwenye mkoba wake, imekunjwa mara nne, akainyoosha magotini. Majina safu kwa safu. "Huku hujaweka sahihi. Nimekuachia nafasi hapa juu kabisa, unaona? Kwa makusudi. Watu wakiona jina lako watasema, kama hata bibi wa yule mtoto amekubali, basi hapana ubaya."

"Na mtoto mwenyewe?"

"Sindano? Nani atamgusa Sindano! Nitaongea na mwalimu mkuu, yule abaki. Yule si Masizi hasa, yule ni wa kwetu aliyeungua kidogo jikoni!"

Akacheka, mabega yakaruka, nesi naye akacheka. Na Fundi, vidole vikiwa katikati ya mstari wa kumi na moja, akakisikia kikipanda. Kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na tatu alikisikia kikitoka tumboni, kikapita kifuani, kikafika kooni, laini, kimezoea njia. Kicheko. Hakuna aliyekiita, kilikuja chenyewe kumtuliza mteja.

Akakibana kwa meno. Alikibana mpaka machozi yakamtoka.

"Simama," akasema.

"Eh?"

"Simama. Toka kwenye kiti changu."

Mama Kamati akamtazama kwenye kioo. Upande wa kushoto mistari imelala vizuri, inang'aa mafuta. Upande wa kulia nywele zimesimama wima kama zimeona nyoka. "Fundi, kichwa nusu?"

"Nusu."

"Acha utani wako, saa nane nina mkutano!"

"Utani? Utani wako nimeucheka miaka ishirini, leo umekwisha! Unakaa kwenye kiti changu, unakunywa maji yangu, unamtukana mtoto wa binti yangu amekaa hatua mbili kutoka kwako, na mimi nacheka. Nacheka! Kisha unaniletea karatasi niweke sahihi wenzake wafukuzwe, na yeye umwachie nafasi kama unamwachia mbwa makombo? Wa kwenu aliyeungua? Huyo ni mjukuu wangu. Hakuungua popote. Kazaliwa hivyo na mtu aliyemtaka hivyo!"

"Basi, basi, ni maneno tu, shoga, mbona unapandisha..."

"Maneno tu, lakini umeyatafutia sahihi!"

Nesi alikuwa ameacha mto, amesimama. Mama Kamati naye akasimama, kitambaa bado kinaning'inia shingoni, sura imebadilika. Kicheko chote kimeondoka, imebaki ile ya kamati.

"Nikitoka na kichwa hiki, unajua nani atakanyaga hapa tena? Nani? Nitawaambia nini watu?"

"Waambie ukweli. Usitie chumvi, unatosha hivyohivyo."

"Masizi wamekulisha nini wewe mama?"

"Neno hilo usilitaje tena ndani ya chumba hiki. Wewe, wala mwingine." Fundi akamtazama na nesi. "Wala mwingine!"

Mama Kamati akachukua karatasi yake, akajifunga kitambaa chake kichwani kwa hasira, upande mmoja bapa, upande mmoja uvimbe, akatoka. Mlango huo aliubamiza.

Chumba kikabaki na mlio wa birika. Nesi akaurudisha mto benchini. "Na mimi nimecheka, Fundi. Sasa hivi."

"Nimekusikia."

"Na sahihi niliweka. Alikuja zahanati nina foleni, nikaweka tu aondoke." Akangoja. "Utanisuka?"

Fundi akainua mikono yake, akamwonyesha. Vidole vilikuwa bado vinang'aa mafuta ya kichwa cha Mama Kamati. "Leo hapana, mwanangu. Leo mikono hii haitasuka mtu."

Ungedhani alijisikia mwepesi. Hakujisikia hivyo hata kidogo. Alikuwa amesema, ndiyo, tena kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, lakini aliyepaswa kusikia hakuwepo kwenye kigoda.

* * *

Ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Mbele walikaa mwalimu mkuu na walimu wawili. Watu wa ng'ambo ya reli walikaa nyuma, ukutani, bila kuambiwa na mtu. Sindano alikuwa hapo, kati ya baba yake na dirisha. Fundi alimtazama; mtoto akatazama nje.

Mama Kamati alisimama na kitambaa chake. Habari ya kichwa nusu ilishatangulia kufika, watu wakasukumana viwiko. Lakini yule mama si wa kuyumba. Akasoma barua yake toka juu mpaka chini, kwa sauti tamu. Hakusema Masizi hata mara moja. Alisema "msongamano", alisema "usalama wa watoto wetu", alisema "kila mtu awe huru katika mazingira yake". Sahihi sitini na nane. Watu wakapiga makofi, na waliopiga si wote walikuwa wabaya, jambo linaloudhi zaidi.

Mwalimu mkuu akauliza klabu. Mwalimu wa hesabu akasimama, akasema msomaji wao amejitoa.

"Basi kama hakuna..."

"Kuna!" Fundi alikuwa amesimama. "Mimi nina neno."

"Mama, subiri kidogo, utaratibu..."

"Nimeshasimama, mwalimu. Magoti haya hayapendi kazi hii mara mbili."

Wakacheka. Akawaacha wacheke, yeye hakucheka nao. Wakanyamaza mmoja mmoja.

"Watoto wa klabu wana daftari. Wameandika matusi wanayotukanwa, nani katukana, na mtu mzima aliyekuwepo kafanya nini. Mimi nimo mara tisa. Mara zote tisa nimecheka. Mtoto wa marehemu binti yangu anatukanwa ngozi yake nyumbani kwangu, na mimi, bibi yake, nacheka ili mteja asitikise shingo." Akageukia ukuta wa nyuma. "Msomaji amejitoa kwa sababu ananificha mimi. Sasa nasema mbele yenu: nisifichwe. Sindano, mke mwenzangu, njoo usome. Anza na mimi. Usiruke hata mstari mmoja."

"Mtoto kuwasema wakubwa hadharani?" mzee mmoja akapaza sauti. "Hiyo ni adabu gani?"

"Adabu yake niliifundisha mimi, usiihangaikie! Tuulize ya kwetu!"

Sindano hakusogea. Baba yake akainama, akamnong'oneza kitu, kisha akamwachia mkono. Akaja mbele, mwembamba, sare imepigwa pasi, daftari kifuani.

Akasoma. Hakupandisha sauti, hakulia. Alisoma mistari tisa ya saluni, na kila akifika kwenye "Bibi. Alicheka," Fundi, aliyekataa kukaa, aliitikia "Ndiyo." Akasoma ya muuza viatu, na muuza viatu alikuwepo. Akasoma ya askari wa soko. Akasoma ya mwalimu wa hesabu, na mwalimu akasema "Ndiyo" kama Fundi. Wenzake wa klabu wakasimama na madaftari yao, wakapokezana. Viti vikaanza kulia chini ya watu.

"Huu ni uchochezi!" Mama Kamati akasema. "Mtoto anatuchonganisha!"

"Yako bado haijaisha, mama," Sindano akamwambia kwa upole. "Imebaki ile ya bombani, ya Alhamisi ya wiki iliyopita."

Nesi akanyanyuka katikati ya ukumbi. "Barua hiyo ina jina langu. Naomba kalamu nilikate." Akapita mbele ya magoti ya watu, akakata. Akafuata mwanamume mmoja asiyetazama mtu. Kisha wanawake wawili. Basi, ni hao. Wengine wote walikaa wakiangalia viatu vyao. Mwalimu mkuu akaitazama ile karatasi, akaisogeza pembeni kwa kidole, akasema barua yenye sahihi zinazokatwa mbele ya macho yake haipokei leo.

Leo, alisema. Fundi aliisikia hiyo "leo", na ikamchoma.

"Asante, binti," mwalimu mkuu akamalizia. "Mmesikika. Kuna jambo jingine ungependa kusema?"

Sindano akafunga daftari. Alikuwa anageuka kurudi kwa baba yake, kisha akasimama. Akamtazama bibi yake moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Nimesikia ulichomfanyia Mama Kamati asubuhi. Mtaa mzima umesikia. Na hapa umesimama, nimekuona. Lakini mimi sikutaka Jumamosi, bibi. Sikutaka ukumbi. Nilitaka ile siku ya kwanza, sina hata daftari, niko darasa la tatu, yule mama akanishika shavu akaangalia vidole vyake kama vimechafuka. Wewe ulikuwa pale. Nilikutazama. Nilitaka umwambie akome. Neno moja tu. Nilitaka uliseme wewe."